Dada Yangu na Kadi za Damu

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nusura nife, na si kwa sababu Tabora ilikosa damu. Damu ilikuwapo tele, inatembea Kanyenye na kununua vitumbua. Kilichokosekana ni mtu wa kujua damu ipi imo kwa nani, na huyo nani analala wapi.

Hospitali ilikuwa na sanduku la kadi. Siku zile tulikuwa tunajitolea kwa kila kitu: kufyatua matofali ya shule, kuchimba mitaro, kulima shamba la Chama. Basi ikaja na siku ya kujitolea damu. Watu wakanyoosha mikono mkutanoni, wakachomwa kidole, kundi la damu likaandikwa kwenye kadi pamoja na jina na mtaa, na kadi zikatiwa sandukuni kwa jinsi watu walivyopanga foleni. Mimi nilipoanza kumwaga damu, muuguzi alilishusha sanduku lile akaanza kuchambua kadi moja moja kama anayechagua mchele. Huyu kundi silo. Huyu kundi ndilo, lakini kahamia kijiji cha Ujamaa. Huyu hajulikani alipo. Dada yangu, ambaye alikuwa karani wa masjala katika hospitali hiyohiyo, alikunja mkono wa gauni akasema wachukue yake. Wakaipima, wakamwambia haifai: mimi ni O, yeye ni B.

"Baba mmoja, mama mmoja," aliwaambia, kana kwamba wao ndio walioipanga.

Mwishowe akapatikana mpishi wa hospitali, aliyekuwa anasonga ugali jikoni muda wote huo. Kadi yake ilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nilipona. Daktari akanieleza bila kuzunguka kwamba mji wangu wa mimba ulichelewa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na kwamba uzazi unaofuata unaweza kuwa vilevile au mbaya zaidi. Nikamwitikia kwa adabu zote. Binti yangu alipoanza kukimbia uani nikawa mjamzito tena.

Dada hakunikaripia. Afadhali angenikaripia, maana akinyamaza huwa ananitisha zaidi. Alikaa kwenye mkeka wangu pale Cheyo, akafuma mistari kadhaa ya sweta aliyokuwa nayo mkononi, kisha akasema, "Safari hii hatutafuti. Safari hii tunajua."

Dada alikuwa ameishia darasa la nane. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma barua za kikazi, si cha vitabu, na hesabu aliipenda lakini haikuwa imempeleka popote zaidi ya masjala. Sikuwahi kumwona mtu mwenye moyo wa kujifunza kama wake, na nimeishi kuwaona wengi waliosoma mpaka wakachoka. Watu wengine hujifunza ili wajulikane wamejua. Dada alijifunza jinsi mtu anavyochimba kisima, kwa sababu nyumbani kuna kiu.

Katika stoo ya hospitali kulikuwa na boksi lililoachwa na daktari mmoja mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Ndani yake mlikuwa na kadi ngumu, tupu, zenye matundu madogo kuzunguka kingo zote nne, pamoja na kijitabu cha Kiingereza cha kueleza matumizi yake. Dada alimwomba mganga mkuu, naye akasema achukue, afadhali yeye kuliko panya.

Nitaeleza kadi zile zilivyofanya kazi, maana ni jambo rahisi ukishalielewa, ingawa lilimgharimu dada majuma ya kukaa na kamusi magotini. Kila tundu unalipa maana. Tundu hili ni kundi O. Lile ni mtu anayebaki mjini mwaka mzima, hata msimu wa kilimo. Jingine ni mtu ambaye hajatoa damu siku za karibuni. Kama mtu ana sifa hiyo, unakata kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, tundu linabaki wazi kama pengo la jino. Sasa ukiwataka watu wa kundi O, unazishika kadi zote pamoja, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la O, unainua na kutikisa. Zenye pengo hazina cha kushikilia, zinaanguka. Unaokota zilizoanguka, unapitisha sindano kwenye tundu la wakaao mjini, unatikisa tena. Zinazoanguka mara hii ni za watu wa kundi O wanaokaa mjini. Wala huhitaji kuzipanga kwa utaratibu wowote. Unauliza, zinajibu.

Mjukuu wangu anasomea mambo ya kompyuta Dar es Salaam, na siku moja alikaa nami kutwa nzima akinieleza kanzidata ni nini. Nilimwacha amalize, maana ni kijana mwenye heshima na alikuwa anajitahidi kusema polepole. Kisha nikamwambia kwamba kitu hicho nakijua, kilikuwa kinaanguka kwenye mkeka wangu kabla mama yake hajajua kujifunga kanga. Akacheka. Nikamweleza. Akaacha kucheka, akachukua kalamu.

Sindano iliyokuja na boksi ilikuwa imepotea, kwa hiyo dada akatumia ya kufumia sweta. Chombo cha kukatia nacho hakikuwapo. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni za Kigoma na Mwanza, na koleo yake ya kukatia tiketi ilikuwa inaacha pengo dogo safi ukingoni, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hii.

"Shemeji, naiazima hiyo," dada alimwambia.

"Shemeji, hii ni mali ya umma."

"Na huyu mke wako ni mali ya nani?"

Akampa koleo ya zamani iliyokuwa imelegea msumari. Dada aliikaza mwenyewe.

Alihamisha majina yote kutoka kadi za zamani kwenda kwenye mpya, akakata, akazishika zote, akatikisa. Walioanguka walikuwa mchanganyiko wa kila namna: kundi A, kundi B, na marehemu mmoja. Alirudia. Ikawa vilevile. Kwa muda wa juma zima alikuwa akitoka kazini anakuja kwangu, anatikisa kadi, anatazama zilizoanguka, ananyanyuka kwenda kwake bila kumaliza chai. Mimi nilikuwa namenya karanga na tumbo langu linazidi, na naapa nilikuwa nimekwisha kukata tamaa kwa niaba yake.

Kisha siku moja akaishika kadi moja akaigeuza hivi na hivi. Kila kadi ilikuwa na kona moja iliyokatwa. Muda wote huo alidhani ni panya wa stoo.

"Panya gani anakata kona ileile kwenye kila kadi?" aliniuliza.

"Panya wa Serikali," nikamjibu.

Kumbe kona ile ilikuwa ya kukuonyesha kama kadi zote zimekaa upande mmoja. Nusu ya zake zilikuwa zimegeuka, kwa hiyo sindano ilipoingia kwenye tundu la O la kadi moja, kwenye jirani yake iliingia mahali pengine kabisa. Akazigeuza zote kona zikalingana, akatikisa. Wakaanguka watu wa kundi O, wote wa kundi O, na hakuna mwingine. Dada alizikusanya akazihesabu, halafu akanywa chai yake mpaka mwisho na kuomba ya pili.

Kilichofuata kumkwamisha ni mitaa. Alitaka kujua kila mtu anakaa wapi ili tarishi aende kwa aliye karibu, lakini kila mtaa akiupa tundu lake, matundu yanakwisha kabla hajafika nusu ya mji. Jibu alilipatia dukani Kanyenye. Mwenye duka alikuwa mzee wa ukoo wa Kiomani, watu waliofanya biashara Tabora tangu zama za misafara, na miaka ile rafu zake zilikuwa na chumvi, vibiriti na subira. Siku hiyo sukari ilikuwa imefika. Tulipanga foleni, naye alikuwa anapima kwa mawe machache ya mizani: anaweka hili, anaongeza lile, anaondoa hili. Dada alifika mbele akasahau kutoa kikapu. Alikuwa anayatazama mawe.

"Binti yangu, mizani yangu unaitilia shaka?" mzee alimuuliza.

"Hapana, baba. Nimeipenda."

Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, nami nikatoa kikapu kwa niaba yake. Njiani akanieleza. Mzee hana jiwe la kila uzito. Ana mawe machache tu, lakini akiyachanganya anapima chochote. Basi na yeye atayapa matundu manne uzito: moja, mbili, nne na saba. Mtaa wa tatu utakatwa tundu la moja na la mbili. Mtaa wa tano, la moja na la nne. Matundu manne yakamtoshea mitaa yote aliyoitaka, na mengine yakabaki. Tulipofika nyumbani akafungua kile kijitabu kwenye kurasa za nyuma, ambazo hapo awali hakuzielewa hata kidogo, akakuta mambo ni hayohayo, na namba ni hizohizo. Sikuwahi kumwona dada akijisifu, lakini jioni ile alinisomea ukurasa ule mara mbili.

Kadi zikawa zinajibu, ila zilimjibu yeye tu. Wauguzi waliiogopa sindano ile. "Na kama sipo?" alisema. Ndipo alipoanza kuandika hatua. Alichukua kipande cha boksi akaandika kwa wino mkubwa kila jambo la kufanya, moja baada ya lingine, ili mtu asiyejua lolote akifuata tu apate majina. Aliyechaguliwa kuwa mtu asiyejua lolote nilikuwa mimi.

"Ufanye kilichoandikwa," aliniagiza. "Usitumie akili."

"Hilo halinishindi."

Hatua ya kwanza ilisema shika kadi. Nikashika moja, maana haikusema zote. Akafuta, akaandika upya. Hatua ya pili ilisema pitisha sindano kwenye tundu la kundi la mgonjwa. Nikaipitisha, nikanyamaza nayo mkononi, maana hakuna aliyeniambia niinue. Akafuta. Tuliendelea hivyo siku nyingi, yeye anaandika na mimi namkwamisha, na nakiri nilifurahia kuliko ilivyostahili. Kuna hatua ilisema: kama hakuna kadi iliyoanguka, rudi hatua ya pili. Nikarudi. Haikuanguka. Nikarudi tena. Yeye alikuwa ameenda uani kuzungumza na jirani, na aliporudi alinikuta bado natikisa na maharage yameungua.

"Mbona hukuacha?"

"Haikuandikwa niache."

Alinitazama, akatazama sufuria, kisha akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi. Baadaye akaandika: kama hakuna iliyoanguka, chukua mtaa wa jirani, kama mitaa imekwisha, mwite daktari. Mjukuu wangu anasema hata leo walimu wao wanahangaika kuwafundisha jambo hilo. Dada alilifundishwa na maharage.

Mtu wa kwanza kutafutiwa damu kwa kadi hizo alikuwa jirani yangu wa Cheyo, mama wa Kinyamwezi kama sisi, mchekeshaji, muuza mboga. Aliletwa asubuhi anatoka damu, mimba imeharibika. Dada alitikisa, na daktari hajamaliza kumpima kadi tatu zilikuwa mezani: kundi O, wakaao mjini, wa karibu, ambao hawajatoa damu siku za karibuni. Tarishi akapanda baiskeli. Wa kwanza alikuwa amekwenda Bukene kwa wakwe. Wa pili alisema ana homa. Wa tatu, fundi wa karakana ya reli, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi, alimjibu tarishi kupitia dirishani kwamba hayupo. Alijibu kwa sauti yake mwenyewe.

Wakati ule maneno ya mumiani yalikuwa bado hayajatoka vichwani mwa watu, wale wanaosemekana kuwakamata watu na kuwanyonya damu wakaiuze. Kunyoosha mkono mkutanoni mbele ya viongozi ni jambo moja. Kufuatwa nyumbani na mtu wa baiskeli anayesema hospitali inataka damu yako ni jambo lingine. Jirani yangu alikufa kabla ya adhuhuri.

Nilipopata habari niliushika mlango. Nilikuwa mwezi wa saba. Nilimlilia jirani yangu, na nitasema ukweli, nilijililia na mimi. Nilikuwa nimeanza kuamini zile kadi kama mtu anavyoamini dawa, na sasa niliona zimejibu sawasawa, upesi, bila kosa, na mtu amekufa. Dada aliziweka kadi tatu zile kwenye mfuko wa gauni akaenda nazo msibani.

Msibani watani walikuwa wamefika. Asiyeujua utani wa kwetu ataona ni utovu wa adabu, lakini mambo hayo yana mizizi mirefu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani kwa miguu, na waliougua au kufa huko walitunzwa na kuzikwa na wenyeji waliokutana nao njiani, na hao ndio tukataniana nao mpaka leo. Mtani anaweza kukutukana hadharani, akachukua kuku wako, akakuzuia njiani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kwa upande wake hawezi kukuacha kwenye shida. Msiba wako ni kazi yake.

Na mtani aliyeongoza wenzake siku ile alikuwa fundi wa reli, yuleyule wa dirishani. Alikuwa amechimba kaburi tangu alfajiri. Alijitanda kanga ya marehemu akaiga alivyokuwa akipatana bei ya mchicha, na waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Kaburi lilipokuwa tayari aliingia akalala ndani, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwani huyu Mnyamwezi amezoea kubeba mizigo, leo abebwe bure kwa nini. Akapewa kuku, akatoka, tukazika.

Baada ya maziko dada alimfuata. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Kaka, jana tarishi alikuja kwako."

"Alikuja."

"Ukasema hupo."

"Aliniambia hospitali inataka damu ya mgonjwa." Alikuwa bado amejitanda ile kanga. "Mgonjwa ni nani? Mimi namjuaje mgonjwa? Hata mumiani si atasema hivyohivyo?"

Dada akatoa kadi yake mfukoni akamwonyesha. "Alikuwa ni huyu tuliyemzika. Damu yako ilikuwa inamfaa."

Yule bwana aliitazama kadi, akatazama kaburini. "Hamkuniambia ni mtani wangu," alisema. Akaivua kanga akaikunja vizuri, akamrudishia mama wa marehemu, na hakutania tena siku ile.

Njiani dada alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika kwangu akasema, "Kadi zilijibu nilichouliza. Sikuuliza nani atakuja."

Hapo ndipo nilipomwona dada yangu alivyo. Mwingine angezitupa kadi, au angewalaumu watu kwa ujinga wao, na wengi hospitalini waliwalaumu. Yeye alirudi kwenye matundu yaliyobaki, akayapa maana mpya: mtu huyu anataniana na nani. Akaandika hatua nyingine kwenye lile boksi, kwamba tarishi asiseme hospitali inataka damu. Aseme: mtani wako yuko taabani, anakuita.

Katibu wa tawi la Chama alimwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi, na alikuwa na haki ya kuuliza. "Dada, makabila tumeyaweka kando sisi. Sote ni ndugu. Nasikia wewe unayarudisha kwenye kadi."

"Sijamuuliza mtu kabila lake, ndugu katibu. Nauliza anataniwa na nani."

Akafikiri. Kwa asili alikuwa mtu wa huko pwani, jambo ambalo dada alilijua fika. "Na wewe, kwa mfano, unataniwa na nani?"

"Na watu wa kwenu. Ndiyo maana unaona nimekuja na sijaoga."

Katibu alicheka mpaka kofia ikasogea. Akatoa barua kwa mabalozi wa nyumba kumi wampe ushirikiano, akaomba na yeye akatwe kadi.

Basi dada akapita mtaa kwa mtaa baada ya saa za kazi, na balozi wa kila mahali. Mara ya kwanza watu walipoandikwa, walijibu maswali kama wanaojibu polisi. Safari hii walijibu huku wanacheka. Ukimuuliza mtu wa Tabora anataniana na nani, hakupi neno moja, anakupa na kisa, na mwenzake anampinga, na mara uani pote panakuwa na kelele. Hakuna aliyekumbuka mumiani. Dada alirudi kila jioni amechoka, miguu ina vumbi, kadi zimeongezeka, akakata kwa ile koleo ya tiketi mpaka kidole gumba kikaota sugu.

Siku zangu zilipokaribia, ikaja habari kwamba shangazi yetu aliyekuwa Bukene amezidiwa. Dada hakutaka kwenda. Nilimfukuza mwenyewe. Nilimwambia siku bado, na kwamba shangazi ndiye aliyetulea mama alipofariki, na kwamba kama hatua zake zinafanya kazi akiwapo tu basi hazifanyi kazi. Neno hilo la mwisho lilimwingia. Akapanda treni.

Uchungu ulinianza kesho yake asubuhi.

Mtoto alitoka salama, wa kiume, analia kwa hasira. Kisha nikasikia ule ujoto chini yangu, naujua, na nikaona uso wa mkunga umebadilika. Niliogopa. Sina namna ya kulipamba. Nilimfikiria binti yangu anakimbia uani na mtu mwingine anamfunga kanga. Mkunga alinikandamiza tumbo kwa mikono miwili na kumwagiza muuguzi akatikise kadi. Muuguzi alikuwa binti mgeni, aliyehamia kwetu mwezi ule, na hakuwahi kuzigusa.

Masjala ilikuwa ng'ambo ya korido na milango ilikuwa wazi. Nilimsikia akisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule anayesoma mbele ya darasa. Shika kadi zote. Hakikisha kona zilizokatwa ziko upande mmoja. Pitisha sindano kwenye tundu la kundi la mgonjwa. Inua. Tikisa. Nikasikia kadi zikianguka mezani. Nilizijua hatua zile kwa moyo, kila neno nililikwamisha mimi mwenyewe kwenye mkeka wangu, na sasa nililala namfuata midomo yangu ikitembea. Okota zilizoanguka. Tikisa. Okota. Kisha kimya, kisha baiskeli ya tarishi ikikwaruza changarawe.

Aliyekuja alikuwa yule fundi wa reli. Alikuja anakimbia, ovaroli ina mafuta, na hajafika kitandani alikuwa amekwisha kuanza.

"Yuko wapi huyu mpagazi? Babu yake alikula wali wetu pwani bure, sasa na mjukuu anataka damu." Akajilaza kitanda cha pili, akanyoosha mkono. "Chukueni. Ila mwambieni kuanzia leo atatia nazi kwenye kila mboga. Damu yangu haiwezi kula mlenda mkavu."

Nilitaka kumjibu tusi, kama inavyompasa mtani. Sikuwa na nguvu. Nikalia tu, naye akageuza uso ukutani akaendelea kunitukana huku na yeye analia. Damu yake ikaingia mwilini mwangu mchana ule, na kufikia alasiri nilikuwa naomba uji.

Dada alirudi kesho yake kwa treni. Shangazi alikuwa amepata nafuu. Mume wangu, aliyekuwa stesheni, alimweleza kila kitu hapohapo, kisha akaja kuniambia dada amefika. Nikajiweka sawa, nikamvika mtoto sweta aliyomfumia. Nikangoja. Mchana ukapita. Nikaanza kukasirika, maana nilikuwa na mengi ya kumwambia na yote yalikuwa ya kumsifu, na hakuna kinachoudhi kama kumngojea mtu umsifu.

Aliingia karibu na magharibi, kikapu cha safari bado begani, vidole vimeganda gundi ya unga. Alimchukua mtoto, akamtazama sana, akanitazama na mimi, akanishika shingo kwa mkono wake mmoja kwa muda mrefu.

"Treni imeingia tangu saa ngapi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakufa, si kadi."

"Kuna mama mwingine leba tangu alfajiri," alisema. "Mnyamwezi. Kundi O. Mtaa wetu." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayezungumza na mtoto. "Kwenye hatua zangu nilisahau moja. Mtu akishatoa, lile pengo la kuonyesha hajatoa karibuni lazima lizibwe, sindano imshike asianguke. Sikuiandika. Wangetikisa leo, angeanguka yuleyule mtani wako. Nimemziba, nimeandika hatua, nimemfundisha yule binti."

"Si angewaambia ametoa jana?"

Dada alimrudisha mtoto kifuani kwangu, akaanza kuikwangua gundi vidoleni.

"Aambiwe mtani wake yuko taabani, anamwita?" alisema. "Angekuja."